Na Papa Ramazani mpaka Nathenje

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye bombani ananiuliza swali lilelile: ilikuwaje siku ambayo nilitakiwa kusimama mbele ya walimu na kuhubiri, nikaonekana nashuka kwenye baiskeli pale mlangoni mwa kambi yetu ya Dzaleka, hapa Malawi, pamoja na Papa Ramazani, viatu vyetu vimejaa vumbi jekundu? Wengine mmesikia nimefukuzwa chuo. Wengine mmesikia nimesilimu. Ninyi wenzangu wa kwaya mmeniuliza kwa upole, basi nawaandikia ninyi, mara moja, ili nisilazimike kusimulia tena na tena jambo ambalo bado linanikaa kifuani.

Dzaleka mpaka barabara kuu

Papa Ramazani mnamjua. Kwa asiyemjua, ni yule mzee wa Kindu, kule Kongo, anayeuza chumvi, sabuni na samaki wakavu karibu na msikiti. Nyumba yao na yetu zimeegemeana. Ukikohoa kwetu wanasikia. Sisi ni watu wa kanisa tuliotoka Bukavu, wao ni Waislamu, lakini baba yangu alipofariki hapa kambini, mtu wa kwanza kuleta unga nyumbani kwetu alikuwa yeye. Mwanawe Saidi tulilingana umri. Alihamia Lilongwe kutafuta maisha. Mwanzoni alikuja kila Idi, baadaye akaacha kuja, na jina lake likapungua kutajwa.

Nilikuwa namaliza likizo fupi nyumbani, na kesho yake asubuhi nilitakiwa kutoa mahubiri ya mtihani pale chuoni kwetu Area 25. Bila hayo mtu hatumwi kwenye kanisa lolote. Nilikuwa nafunga begi papa alipoingia, kofia mkononi.

"Byamungu, mwana yangu, we unarudia Lilongwe leo?"

"Njo, papa," nikaitikia kwamba ndiyo.

"Saidi iko mugonjwa. Mutu alipiga simu, siku ine sasa, mwanamuke, akasema na luga ya hapa. Ile neno akudwala niliisikia bizuri, juu banaisemaka kila siku pale kwa kliniki. Mi siijue hii luga, njo nilikungojea we. Unifikishe tu kwake, njo uende na kazi yako."

Nilikubali bila kufikiri. Mtandire, mtaa wa Lilongwe alikokuwa anaishi Saidi, si mbali na njia yangu. Nilihesabu kwamba kufikia saa sita mchana nitakuwa chumbani kwangu nikipitia mahubiri. Mama Zaina, mke wa papa, alitukabidhi sufuria ndogo ya sombe, kisamvu cha mawese, kifuniko kimefungwa kwa kitenge. Ilikuwa ya mgonjwa. Magoti yake hayamruhusu kwenda mbali, kwa hiyo alituaga akiwa amekaa, akaniambia nimwangalie mzee wake.

Tulipanda kabaza mbili, mimi moja na papa moja, na waendesha baiskeli hao wakatupeleka mpaka barabara kuu. Papa alishika sufuria kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto, kwa hiyo hakuwa na mkono wa kujishikia, na kijana aliyemwendesha akawa analalamika njia nzima.

Kwenye foleni ya mafuta

Mnakumbuka wakati ule wa shida ya petroli. Basi dogo tulilopata lilitufikisha kwenye kituo cha mafuta nje ya mji, dereva akazima injini na kujiunga kwenye mstari wa magari usioonekana mwisho. Alisema lori la mafuta linakuja. Abiria Wamalawi walishuka, wakatafuta kivuli, wakaanza kuzungumza kama watu waliokuja kwa ajili hiyo hiyo. Mimi nilibaki na karatasi zangu. Somo nililopewa lilihusu faraja. Nilikuwa na vichwa vitatu vya mahubiri na mfano mzuri kuhusu mvua.

Mwanamke mmoja aliyekuwa na ndoo ya mahindi ya kuchemsha alitugawia bila kuombwa. Papa alikula, akashukuru kwa zikomo yake ileile moja. Sufuria hakuifungua.

"Ni ya mugonjwa," alisema. "Saidi anapendaka sombe ya mama yake. Akikula, nguvu itarudia."

Jua lilikuwa kali na ile sufuria ilikuwa mapajani mwake. Nilijua sombe haitafika salama, lakini sikumwambia.

Aliniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Mara ya mwisho Saidi alipokuja waligombana. Papa alitaka arudi kambini, aoe binti wa Kindu, ashike duka. Saidi alisema anataka kuishi kama watu wengine. Papa akamwambia aende basi. "Neno moya tu," alisema. "Enda. Na yeye akaenda."

Lori la mafuta lilikuja saa za alasiri. Tulipoingia mjini, ule muda niliojipangia wa kusoma ulikuwa umeshapita.

Mtandire

Nyumba za Mtandire zimebanana na hazina namba. Papa alikumbuka tu kinu cha kusaga mahindi na mlango wa bluu. Tuliupata mlango. Alitoka mwanamke aliyekuwa anapangisha vyumba pale, mikono ina povu la sabuni.

Nikamuuliza kwa Kichewa kama Saidi yupo. Akajibu, "Saidi? Anachoka kuno. Ali kwa mkazi wake, ku Nathenje."

Kabla sijafungua kinywa, uso wa papa ulikuwa umeng'aa.

"Anachoka tu! Umesikia? Si ugonjwa mubaya. Ni kazi mingi. Aleluya yenu na alhamdulillahi yetu!"

Ilibidi nimweleze. "Papa, kwa luga ya hapa, kuchoka ni kuondoka. Anasema alihama. Iko Nathenje."

"Nathenje iko nani?"

"Ni mji mudogo, kusini. Iko kwa bibi yake, papa. Alioa."

Alikaa juu ya tofali lililokuwa pale mlangoni. Yule mama akatuangalia, akaingia ndani, akarudi na maji kwenye kikombe. Papa alikunywa yote. Halafu akauliza kama huyo bibi ni mtu wa dini gani. Nikamuuliza mwenye nyumba. Alisema hajui, ila Jumapili walikuwa wanatoka pamoja wamevaa vizuri.

Nilitafsiri kwamba hajui. Sehemu ya pili papa alikuwa ameielewa mwenyewe, kwa sababu Jumapili mtu wa kambini kwetu anaijua katika lugha yoyote.

Pale ndipo ningeweza kumpandisha gari la Nathenje na kurudi Area 25. Alinionyesha hata kwa mkono kwamba niende. Lakini aliinuka na sufuria yake, akaanza kutembea upande usio wa kituo cha magari. Nikabeba begi langu na kufuatana naye.

Nathenje, jioni

Tulifika soko likiwa linafungwa. Fundi cherehani mmoja alifunga duka lake ili atupeleke, kwa sababu alisema anamjua Saidi Mkongo. Njiani hakuzungumza tena. Nilifikiri ni mpole.

Uani kulikuwa na mikeka, na wanawake wamekaa chini na vitenge vichwani. Wanaume walikuwa upande mwingine kwenye benchi, karibu na moto uliobaki majivu tu. Tulipotokea, mazungumzo yalikatika. Mwanamume wa makamo alisimama, akavua kofia, akamshika papa mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pepani, bambo. Pepani kwambiri."

Wengine nao wakaja mmoja mmoja, kila mmoja na pepani yake. Papa alikuwa anaijua pepani ya ndani ya basi, ile ya mtu aliyekukanyaga mguu. Alinigeukia.

"Banaomba samahani ya nini? Banakosa nini?"

Mimi nilikuwa nimeshaelewa kwamba hii ilikuwa pepani ya msiba. Chuoni tulifundishwa namna ya kupeleka habari ya msiba: mkalishe mtu, mtaje kwa jina, sema wazi, usizunguke. Nilikuwa nimepata alama nzuri katika somo hilo. Nikasema, "Papa, Saidi hayuko."

"Alienda wapi tena?"

Mungu anisamehe, alikuwa anaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta njia ya kuendelea na safari. Nilimshika bega.

"Alikufa, papa. Bameshamuzika."

Hakulia. Aliniuliza tu kama nina hakika nimesikia vizuri, kwamba labda na hii ni kama ile ya kuchoka. Nikamwambia nimesikia vizuri. Akainama, akaiweka sufuria chini polepole, kama kwamba ikigonga ardhi itamwamsha mtu.

Mke wa Saidi aliletwa kutoka ndani, ameshikwa na mama yake. Anaitwa Loveness. Ni binti mdogo, mwembamba, sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. Alisema yeye ndiye aliyepiga simu. Saidi alikuwa ameugua homa kwa muda mfupi, akafariki kabla ya gari kupatikana. Alipiga simu, mzee akapokea, yeye akamwambia kwamba Saidi aliugua na amefariki. Mzee akajibu haya, haya, akakata. Wakamngoja. Joto lilikuwa kali na mwili haukuweza kusubiri zaidi. Walidhani amekataa kuja.

Nilitafsiri neno kwa neno. Papa alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Nilisikia mwanzo tu," alisema. "Ile ya mwisho sikuisikia."

Loveness alifungua sufuria. Harufu ya uchachu ilitoka, lakini hakugeuza uso. Alisema Saidi alimwahidi kwamba siku moja atakula hii. Aliipeleka nyuma ya nyumba, na ilirudi imeoshwa.

Kisha likaja jambo la chakula. Walituletea nsima na kuku. Papa alinawa, akamega nsima, akala bila kugusa kuku. Wenyeji waliona. Mwanamume yule wa makamo, ambaye ndiye mzee wa kanisa la pale na anaitwa Bambo Banda, aliniuliza kama mgeni anadharau chakula cha msiba. Nilianza kueleza habari ya Waislamu na kuchinja, nikaona Loveness ameinuka na kutoka uani. Nikajua tumemuumiza.

Alirudi na mzee mmoja mwenye kanzu, mfanyabiashara Myao wa pale sokoni. Yule mzee alimsalimu papa, "Asalamu aleikum," akasema kwa Kiswahili cha shida shida, "Mimi nachinja hii kuku. Binti alikuja kwangu mchana. Alisema baba yake Saidi akija siku moja, hali nyama kama si Mwislamu anachinja. Kila siku ananiita, nachinja."

Kila siku, tangu mazishi, alikuwa anachinjisha kuku kwa ajili ya mtu aliyedhani amekataa kuja.

Hapo ndipo papa alilia. Alilia huku anakula.

Nilimwomba Bambo Banda simu, nikaenda pembeni nikampigia mkuu wa chuo. Nilimweleza kwamba makaburi ya pale hayaingiliwi hovyo. Lazima kupata ruhusa ya mfumu, yaani mkuu wa kijiji, na kusindikizwa na adzukulu, wale wanaochimba makaburi, nao wataweza asubuhi tu. Alisikiliza kwa utulivu. Alisema anasikitika, lakini walimu wengine wanatoka mbali kuja kunisikiliza, na huyo mzee sasa amefika kwa watu wake. Nilisema ndiyo, mwalimu. Halafu nikalala pale.

Makaburini

Asubuhi mfumu alitoa ruhusa. Tulienda wachache: papa, mimi, Bambo Banda, yule Myao na wachimba kaburi wawili. Wakati ule ule, kule Area 25, kengele ya ibada ilikuwa inapigwa.

Kaburi lilikuwa na udongo mpya na msalaba wa mbao, jina limeandikwa kwa rangi: Saidi Samuel Ramazani. Papa hasomi vizuri, lakini msalaba hauhitaji kusomwa. Alisimama mbali kidogo.

"Samuel ni nani?"

"Ni jina alipewa siku ya kubatizwa, papa."

Alivua viatu, akamuuliza yule Myao upande wa Makka. Myao akamwonyesha. Wakasimama wawili, papa mbele, akainua mikono hadi masikioni na kuanza sala ya maiti, ile isiyo na kuinama. Bambo Banda aliniita pembeni. Alisema aliyelala hapa ni Mkristo, mimi ni mwanachuo wa kanisa, nimzuie papa. Nilimwomba amwache mzee amalize. Alitikisa kichwa lakini akangoja.

Sala ilipokwisha, Bambo Banda alisogea. Sitaki mumfikirie vibaya. Ni yeye aliyetoa mbao za jeneza, ni yeye aliyemlaza Saidi nyumbani kwake alipokuja Nathenje kuposa bila ndugu wa kumsimamia. Machozi yalikuwa machoni pake. Alisema kwa Kichewa, akinitazama ili nitafsiri: mwambie mwanawe alikufa akiwa na Yesu, mahali alipo ni pazuri, lakini yeye akibaki kama alivyo hatamwona tena milele, auulize moyo wake leo, hapa hapa, kabla ya kuondoka.

Papa alinigeukia. "Anasema nini?"

Mimi naamini yale aliyosema Bambo Banda. Ndiyo shida yenyewe. Sikukaa chuoni miaka yote hii kwa mchezo. Lakini nilimtazama yule mzee, miguu mitupu kwenye udongo wa mwanawe.

"Anasema pole, papa."

"Mwambie zikomo."

Bambo Banda aliniangalia. "Yangu yalikuwa marefu," alisema taratibu. "Yako mbona mafupi?"

Mchimba kaburi mkubwa akasema, "Tiyeni," twende, na sote tukatoka kwa mstari bila kutazama nyuma, kama ilivyo desturi yao.

Loveness alitusindikiza mpaka barabarani. Papa aliweka mkono juu ya kichwa chake, akamwombea kwa Kiarabu, naye akajibu amina. Lugha hiyo haikuhitaji kupitia kwangu.

Area 25, chuoni

Tuliposhuka Area 25, ukumbi ulikuwa tupu. Viti vya walimu vilikuwa bado vimepangwa mbele. Nilimkalisha papa kwenye baraza nikaenda ofisini.

Mkuu wa chuo alikuwa ameshapigiwa simu na Bambo Banda kutoka Nathenje. Hakupandisha sauti.

"Kukosa mtihani ningekusaidia," alisema. "Msiba ni msiba. Lakini mlango ulikuwa wazi, Byamungu, ukaufunga wewe."

"Alikuwa anamlilia mtoto wake, mwalimu."

"Ndiyo maana ulikuwa wazi."

Aliniuliza kama ninaamini kwamba Neno lile ni uzima. Nikasema ninaamini. Akauliza kama nikimwona jirani yangu yumo ndani ya nyumba inayoungua nitamwambia pole. Aliamua nirudi nyumbani mpaka kundi lijalo litakapoingia, nifikiri kama kweli nimeitwa. Kisha alinisindikiza mpaka barazani, akamsalimu papa kwa heshima, akamwagiza mpishi atuletee chai na mkate. Wenzangu walipita wakiwa na Biblia zao, wakanisalimu kwa macho.

"Mahubiri ilienda bizuri?" papa aliniuliza.

"Ilipita, papa," nikasema.

Dzaleka

Tulipata lori la mkaa mpaka njia panda, na kabaza kutoka hapo. Ndipo mlipotuona. Mtaani kwetu habari ilikuwa imefika kabla yetu, sijui kwa njia gani, kwa sababu wanaume wa msikitini walikuwa wameshatandika mikeka nje ya nyumba ya papa. Alipitishwa kati yao, kila mmoja akimshika mkono. Nilitaka kwenda kwetu, lakini Mama Zaina aliniita ndani.

Alikuwa amekaa mahali pale pale alipotuaga. Papa alikaa kando yake, akasema, "Nilimuswalia. Nilifika, nikamuswalia." Hiyo ilikuwa kweli, na nilidhani itatosha.

Mama Zaina alinitazama mimi.

"Byamungu, mzee yangu atanifichaka juu ya kunihurumia. We unasoma kwa kuwa mutu ya Mungu, hautanidanganya. Saidi balimulaza anaangalia wapi?"

Mnajua Waislamu hulaza maiti wao wakielekea Makka. Papa aliinamisha kichwa. Nje mtu alikuwa anasoma Kurani kwa sauti ya chini. Asubuhi ile ile nilikuwa nimelimeza neno moja nikalipia kwa masomo yangu, na sikuwa na nguvu ya kulimeza lingine.

"Anaangalia mashariki, mama," nikasema. "Kule jua linatokaka. Balimuzika na desturi ya kanisa. Alikuwa amebatizwa."

Hakupiga kelele. Aligeuza uso kuelekea ukuta wa kaskazini, ule anaouelekea kila anaposwali, tangu walipofika kambi hii. Kisha akatazama mlangoni, upande wa mashariki, na kurudi tena ukutani, taratibu, kama mtu anayepima.

"Haiko mbali sana," akasema. "Basi alikosa kidogo tu."

Akaniomba nisogee, nikae.